Bei ya matibabu isomwe kabla mgonjwa hajalala kitandani

Ndugu Mhariri,

Tangu Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, kila baraza ninaloketi hapa Masasi halikosi hoja mbili zinazopingana, na ajabu ni kwamba zote mbili huitumia Marekani kama ushahidi. Wapo wanaosema kwamba bima za kampuni binafsi ndizo zitakazotufikisha mbali, kwa kuwa Marekani, nchi tajiri kupindukia, ndivyo inavyoendesha mambo yake. Wapo pia wanaosema kwamba Mmarekani hutibiwa bure na serikali yake, hivyo na sisi tusidaiwe hata senti. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwamba wenzetu wa pande zote mbili hawajapata kuiona bili ya hospitali ya Marekani. Mimi nimeiona, tena ikiwa na jina langu juu yake.

Mimi ni mkulima wa korosho, na kwa miaka tisa nilikuwa katibu wa chama cha msingi cha ushirika. Mwezi Mei 2023 nilikwenda Houston, katika jimbo la Texas, anakoishi binti yangu na mumewe. Mke wangu ndiye aliyealikwa hasa, kwa ajili ya kumlea mzazi na mtoto mchanga. Mimi nilifuatana naye kama mzigo wa ziada, kwa viza ya matembezi ya miezi sita, bila bima ya safari. Kosa hilo ni langu na simtupii mtu mwingine. Wiki ya nne, usiku wa manane, nilishikwa na maumivu ya ubavuni yaliyonifanya nitambae kutoka kitandani hadi sebuleni. Mkwe wangu alinipeleka kitengo cha dharura cha hospitali iliyo jirani, ambayo sitaitaja.

Nianze na sifa, maana walistahili. Hakuna aliyeniuliza fedha mlangoni. Baadaye nilielezwa kwamba hiyo si huruma ya hospitali ile bali ni sheria ya mwaka 1986, inayozitaka hospitali zenye kitengo cha dharura na zinazopokea fedha za Medicare, mpango wa serikali wa bima ya wazee, kumpima na kumtuliza kila mgonjwa wa dharura bila kujali kama anao uwezo wa kulipa. Nesi aliniuliza maumivu yangu ni mangapi kati ya sifuri na kumi, nami nilimwonyesha vidole vyote. Walipotambua kwamba Kiingereza changu hakitoshi kuelezea figo, walileta simu yenye mkalimani wa Kiswahili, na aliyekuwa upande wa pili, kwa lafudhi yake, alikuwa Mkongo. "Papa, iko inauma wapi?" aliniuliza, na pamoja na maumivu yote nilijikuta nacheka. Ndani ya muda mfupi nilikuwa nimechomwa sindano, nimewekewa dripu, na nimesukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi chumba cha pili kupigwa kipimo cha CT, yaani picha za ndani ya mwili. Lilikuwa jiwe dogo kwenye mrija wa figo. Nilikaa saa sita, nikaandikiwa dawa, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu.

Mkalimani yule alitafsiri kila neno lililosemwa mle ndani: jina la dawa, madhara yake, kiasi cha maji ninayopaswa kunywa, hata swali la kama ninajisikia salama nyumbani. Jambo moja tu hakulitafsiri, nalo ni bei, kwa sababu hakuna mtu aliyeitaja. Nilipomwomba amuulize daktari kipimo cha CT kinagharimu kiasi gani, daktari alijibu kwa upole kabisa kwamba hajui. Niliamini wakati ule kwamba ananikwepa, lakini sasa ninaamini kwamba alisema kweli.

Bahasha zilianza kufika baada ya wiki tatu, nazo zilikuwa tatu. Ya kwanza ilitoka hospitali, ikidai dola 8,070. Ya pili ilitoka kwa kampuni ya madaktari wa dharura, kwani daktari aliyenihudumia ndani ya hospitali ile hakuwa mwajiriwa wa hospitali ile. Yeye alidai dola 1,480. Ya tatu ilitoka kwa daktari mwingine, ambaye sikupata kumwona kwa macho, aliyesoma picha zangu akiwa popote alipokuwa, naye alidai dola 310. Jumla ni dola 9,860, ambazo kwa thamani ya wakati ule zilizidi shilingi milioni 23. Nikijipa bei ya shilingi 2,000 kwa kilo ya korosho, hizo ni karibu tani 12, na sijawahi kufikisha ghalani hata nusu ya mzigo huo kwa msimu mmoja. Binti yangu, anayefanya kazi ya kulea wazee, aliziweka bahasha zile juu ya friji na hakuniambia kwa siku mbili.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike barua hii. Mkwe wangu alipiga simu ofisi ya malipo ya hospitali, akaeleza kwamba mgonjwa ni mgeni, hana bima wala kipato pale, na akaomba orodha ya kila kilichotozwa. Orodha ilipokuja, maji ya dripu peke yake yalikuwa yameandikiwa dola 340. Baada ya simu ya pili na fomu ya kuomba nafuu, zile dola 8,070 zilishuka zikawa 2,900, zilipwe kwa miezi kumi na miwili. Sina budi kuwashukuru. Hata hivyo, Mhariri, mtu aliyezoea hesabu za ghala hawezi kuacha kujiuliza: ikiwa simu mbili na fomu moja zinaweza kuondoa zaidi ya nusu ya deni, bei yenyewe ilikuwa ipi tangu mwanzo? Na yule asiye na mkwe wa kupiga simu hulipa ipi? Hapa kwetu sokoni Mkuti watu hupatana bei samaki akiwa bado juu ya meza. Kule hupatana mifupa ikiwa imekwisha kutupwa.

Wasomaji wa nje ya mikoa ya Mtwara na Lindi huenda hawalijui neno kangomba. Kangomba ni ununuzi wa korosho wa vichochoroni, ambapo mkulima mwenye shida hupokea fedha kidogo mwezi wa Februari kwa korosho atakazovuna Oktoba, au huuza kwa kipimo cha bakuli kwa bei anayoitaja mnunuzi. Ubaya wake si kwamba bei ni ndogo tu, bali kwamba mwenye shida hana nafasi ya kuijua bei ya kweli wakati anapokubali. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo korosho hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, ulioanza katika korosho mwaka 2007, una kasoro zake, nami nimezinung'unikia nikiwa ofisini na nje ya ofisi. Lakini jambo moja ulilifanya sawasawa. Bei za wanunuzi husomwa hadharani, ya juu na ya chini, wakulima wakiwa wameketi wanasikiliza, na wakulima wakikataa, mzigo hautoki ghalani. Mgonjwa wa Marekani asiye na bima ni mkulima wa kangomba: anakubali kwanza, bei inakuja kwa posta.

Mtu atasema kwamba mimi nilikuwa mgeni, na kwamba mwenyeji mwenye bima hayamkuti hayo. Nilimuuliza binti yangu. Bima yake inatoka kwa mwajiri, kama ilivyo kwa Wamarekani wengi wasio wazee, na chanzo cha utaratibu huo ni vita: mwaka 1942 serikali ya Marekani ilizuia mishahara kupanda, waajiri wakatafuta njia nyingine ya kuwavutia wafanyakazi, wakawapa bima. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini mipango miwili ya serikali, Medicare kwa walio na umri wa miaka 65 na zaidi, na Medicaid kwa wenye kipato kidogo. Sheria ya Rais Barack Obama ya mwaka 2010 iliongeza mamilioni ya watu, lakini hadi mwaka 2023 Wamarekani takriban milioni 26 walikuwa hawana bima yoyote. Hivyo wale wa barazani wanaosema kwamba Mmarekani hutibiwa bure wanawasema wazee na maskini wake, tena kwa sehemu tu. Binti yangu mwenyewe hukatwa mshahara kila wiki mbili kwa ajili ya bima, na bado akiugua hulipa mfukoni dola 3,000 za kwanza za kila mwaka kabla bima haijaanza kutoa chochote cha maana. Mwaka ule wa 2023 bima ya mwajiri kwa familia moja iligharimu kwa wastani karibu dola 24,000, mchango wa mwajiri na wa mfanyakazi ukijumlishwa. Alijifungua akiwa na kadi ya bima mkononi, na bado deni la uzazi analo.

Tangu Januari 1, 2021, kanuni za serikali yao zinazilazimisha hospitali kuweka bei zao kwenye intaneti, pamoja na bei walizopatana na kila kampuni ya bima. Mkwe wangu alinifungulia faili la hospitali iliyonitibu. Lilikuwa na maelfu ya mistari. Tulipoufikia mstari wa kipimo changu cha CT tulikuta bei zaidi ya kumi kwa kipimo kile kile na mashine ile ile: kampuni hii ya bima inalipa hiki, ile inalipa mara tatu yake, na asiye na bima ameandikiwa kubwa kupita karibu zote. Katika maisha yangu ya uhasibu wa kienyeji sijapata kuona daftari la namna hiyo, na kama ningelipeleka mimi kwa wakaguzi wa ushirika, nadhani ningelala polisi.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaodhani kwamba gharama za Marekani ni kubwa kwa sababu utabibu wao ni mkubwa. Utabibu wao ni mkubwa kweli. Lakini mwaka 2022 nchi ile ilitumia takriban dola 13,500 kwa kila mtu katika afya, zaidi ya asilimia 17 ya pato lake la taifa, na bado mtoto aliyezaliwa huko mwaka huo alitarajiwa kuishi miaka 77 na nusu, wakati Mjapani anatarajiwa kufika 84. Japani nako kuna hospitali nyingi za binafsi na mifuko mingi ya bima, na mgonjwa wa kawaida huchangia asilimia 30 ya bili. Tofauti ni kwamba bei ya kila huduma imeandikwa katika jedwali moja la nchi nzima, na jedwali hilo hupitiwa upya kila baada ya miaka miwili. Ujerumani, iliyoanza bima ya afya ya lazima mwaka 1883, ina mifuko inayokaribia 100, lakini haimruhusu daktari kumtoza mwanachama wa mfuko huu bei tofauti na ya mwanachama wa mfuko ule. Uingereza ilichukua njia nyingine tangu Julai 5, 1948, ikalipia huduma kwa kodi, ingawa wagonjwa wake hulalamikia foleni za miezi mingi, na malalamiko hayo ni ya haki. Thailand, isiyokuwa nchi tajiri, ilianza miaka ya 2001 na 2002 kumtoza mgonjwa baht 30 tu za fedha yao kwa kila anapofika hospitali. Njia zao hazifanani hata kidogo, lakini mgonjwa wa nchi hizo nne huweza kuijua sehemu yake kabla ya kuvua shati.

Wanaokwenda India nao watathibitisha. Shemeji yangu alibadilishiwa valvu ya moyo Chennai miaka kadhaa iliyopita, na kabla hata hajakata tiketi hospitali ilimwandikia bei ya jumla katika karatasi moja: upasuaji, siku za kulala, dawa na chakula. Ndugu walichangishana wakijua wanachangishana kiasi gani. Siku hizi wengi wa wagonjwa wa aina yake hawahitaji tena kusafiri, kwa kuwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inafanya kazi hiyo Dar es Salaam tangu mwaka 2015, na kutoka huku Kusini tunasafiri kwa basi badala ya ndege.

Sasa nirudi nyumbani, maana jiwe la figo nalo lilirudi nyumbani pamoja nami. Mwezi Septemba mwaka ule ule lilinishika tena, nikapelekwa hospitali moja ya huku kwetu ambayo nayo sitaitaja. Kadi yangu ya CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo wakati ule kwa shilingi 30,000 ilihudumia kaya ya watu sita kwa mwaka mzima, ilikuwa imekwisha muda nikiwa safarini, nami sikuihuisha. Bei niliijua, tena mapema mno. Nilikuwa nimejikunja kwenye benchi la mbao, jasho likinitoka, dada wa dirishani akasema, "Mzee, lipia kwanza dirisha namba mbili, kisha urudi na risiti." Mpwa wangu alikimbia kwa wakala kutoa fedha, akakuta wakala hana salio, akakimbilia kwa mwingine, na sindano ya maumivu ilinikuta baada ya dakika arobaini. Gharama zote za siku ile, pamoja na ultrasaundi na dawa, hazikufika shilingi 70,000. Nikaambiwa pia kwamba nikihitaji kipimo cha CT nijiandae kwenda Mtwara mjini, mwendo wa karibu kilomita 200, wakati Houston nilikipata kwa kuvuka korido.

Kwa hiyo sisemi kwamba kwetu ni peponi. Dakika zile arobaini sizisahau, na iwapo kuna kitu kimoja ningependa tukiige Marekani ni sheria ile ya 1986: mwenye maumivu makali atulizwe kwanza, dirisha namba mbili lingoje. Tusichokiiga ni daftari lao la bei. Dalili zake zimeanza kuonekana. Machi 2024, kitita kipya cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani orodha ya huduma unazolipia na bei zake, kilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi zilisita kuwahudumia wanachama kwa kuwa hazikuridhika na bei, na wagonjwa wenye kadi walijikuta katikati ya ugomvi usiowahusu. Sheria mpya inatarajia kwamba bima binafsi nazo zitakuwepo. Sizipingi, kwani sisi tuliwahi kuzipiga marufuku hospitali za biashara kwa sheria ya mwaka 1977, tukazirejesha mwaka 1991, na wazee wenzangu wanakumbuka jinsi tulivyohangaika katikati ya miaka hiyo. Ninachoomba ni kwamba kila kampuni ya bima itakapopatana bei yake chumbani na kila hospitali, mtu awepo wa kuisoma bei hiyo hadharani, na asiye na bima asigeuzwe kuwa ndiye wa kufidia punguzo walilopewa wengine.

Na ombi dogo kwa wanaopanga makusanyo. Huku Kusini fedha huonekana kuanzia Oktoba hadi Desemba au Januari, minada inapofanyika. Maradhi huonekana zaidi wakati wa masika, mwezi wa Machi na Aprili, wakati mkulima anakula akiba ya mwisho na mbu wamejaa. Kuja kumdai mchango wa bima mwezi wa Machi ni kumfundisha kangomba nyingine. Mchango ukusanywe wakati wa malipo ya korosho, kwa hiari ya mkulima na kwa stakabadhi, si kwa makato yanayojitokeza kwenye karatasi bila maelezo. Makato ya namna hiyo tumekwisha kuyachoka, na nasema hivyo nikiwa mtu niliyewahi kuyaandika.

Bango la bei ukutani si jambo la gharama. Zahanati ya kijijini kwetu inalo, limeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya manila, bei ya kujiandikisha, ya kupima malaria, ya kushona kidonda, na chini kabisa limeeleza kwamba wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi. Mvua imelifuta kidogo pembeni, lakini linasomeka.

Mkwe wangu alilipa awamu ya mwisho ya deni langu Julai 2024, akanipigia simu kunijulisha, nami nikamwombea dua. Wiki ile ile ilifika bahasha ya nne, kutoka maabara ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisikia, ikidai dola 46 za kipimo cha mkojo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Katibu mstaafu wa chama cha msingi,
Masasi, Mtwara